Nimefanya usaili tangu Aprili, hadi leo sijaambiwa nimepata wala nimekosa

Binti Koboko ameandika:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni muuguzi mwenye cheti, mzaliwa wa Koboko, na kwa sasa nafanya kazi katika kliniki ya mtu binafsi hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wagonjwa wetu wengi ni wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, na ndiyo maana Kiswahili nakitumia kutwa nzima.

Jambo langu ni hili. Novemba mwaka jana, wilaya moja ya huku West Nile, ambayo sitaitaja, ilitangaza nafasi za wauguzi wa vituo vya afya vya daraja la tatu. Nilijaza Fomu namba 3 ya Utumishi wa Umma katika nakala tatu kama tangazo lilivyotaka, nikaambatanisha vyeti vilivyothibitishwa, leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, picha ndogo na nakala ya kitambulisho cha taifa, kisha nikaipeleka bahasha kwa mkono wangu mwenyewe hadi kwa katibu wa tume ya utumishi ya wilaya. Mwezi wa Machi jina langu lilibandikwa ubaoni, na tarehe 16 Aprili nikaingia kwenye usaili. Leo tuko Oktoba. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna orodha iliyobandikwa, wala hakuna barua.

Naomba nieleweke kwamba sijaja kulalamika kuwa nimekosa kazi. Kukosa nakujua. Mwaka juzi niliambiwa na hospitali moja kwamba sikufaulu, nikalia usiku mmoja, asubuhi nikavaa sare nikaenda kazini, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimeshasahau hata sura za walionisaili. Ninachoshindwa kukibeba ni hali hii ya kutokuwa huku wala kule, kwa sababu inaingia katika kila uamuzi ninaotaka kufanya.

Mwezi wa Juni mwenye kliniki aliniita akaniomba nichukue usimamizi wa zamu ya usiku, kwa mkataba wa mwaka mmoja na nyongeza ya mshahara. Nilimwomba wiki mbili za kufikiri, nikijua moyoni kwamba ninachongoja ni wilaya. Wiki mbili zikawa miezi miwili, na mzee wa watu, ambaye alinivumilia sana, akampa nafasi hiyo mwenzangu. Kodi ya chumba nilikuwa nikilipa miezi mitatu kwa mkupuo, lakini tangu Mei nalipa mwezi mmoja mmoja, kwa kuogopa kwamba nitapangiwa kituo cha mbali na fedha ziishie kwa mwenye nyumba. Mama yangu alikuwa akiniuliza kila Jumapili, "Wamesemaje?" Tangu Agosti ameacha kuniuliza, na hilo linaniuma kuliko alipokuwa akiuliza.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto wa miezi minane aliyeletwa akiwa amekaukiwa maji kwa kuhara. Wanaofanya kazi hii wanajua: mishipa ya mtoto wa namna hiyo hujificha, na ukishaupata mmoja hupumui mpaka umefunga plasta. Simu ikatetemeka mfukoni mwa sare yangu, na nakiri mbele yenu kwamba mkono wangu ulisita. Mshipa sikuupoteza, namshukuru Mungu, lakini mkono ulisita. Nilipomaliza nikakuta namba nisiyoijua, salio halitoshi, nikavuka barabara kununua muda wa maongezi, nikapiga huku moyo ukinienda mbio. Alikuwa ni mtu wa Nebbi anayetafuta mnunuzi wa ufuta, na alikuwa amekosea tarakimu moja.

Usiku ule sikulala. Haikuwa kwa sababu ya kazi niliyoiomba. Nililala macho kwa sababu ya mtoto yule, na kwa kujiuliza ni nani aliyeuruhusu ukimya wa ofisi fulani uje ukae kati ya mkono wangu na mgonjwa.

Matangazo yetu yana sentensi ambayo sote tumeizoea: wanaoitwa kwenye usaili pekee ndio watakaojulishwa. Sina ugomvi na sentensi hiyo. Anayepeleka fomu akanyamaziwa anaweza kuisoma, akahesabu miezi kadhaa, akaelewa. Lakini sisi tulioitwa, sentensi hiyo haitusemi tena. Siku ile tulikaa chini ya mwembe tangu saa mbili asubuhi, wengine wametoka Yumbe, mmoja amekuja na mtoto mgongoni, kila mtu akiitwa kwa namba. Niliulizwa dalili za hatari kwa mtoto mchanga na jinsi ya kutunza chanjo katika nyuzi joto 2 hadi 8 pale umeme unapokatika, nikajibu kwa utulivu, na mwenyekiti akaniambia, "Asante, tutakujulisha." Hilo neno nimelishika. Mtu mzima, aliyekaa nyuma ya meza ya serikali, akisema atakujulisha, unalichukua kama neno lenye uzito. Kutuambia kwamba tumekosa kungehitaji karatasi moja tu kwenye ubao uleule wenye nyavu za waya, ambako tulisoma kwamba tumeitwa.

Nataka kuwauliza waliopitia haya. Je, ni kosa kwenda kuuliza? Wenzangu kliniki wananiambia nikifika pale nitaonekana nina kiherehere na jina langu litakatwa. Kama si kosa, anayeulizwa ni nani na anaulizwa nini hasa? Na mtu anajuaje kwamba sasa inatosha, aendelee na maisha yake?

Mpwa wa Busia ameandika:

Dada, pole sana. Sina jibu la wilaya, lakini nina onyo ambalo nalitoa kwa uchungu.

Mimi niliomba kazi ya ukarani wa bohari kwenye kampuni moja ya usafirishaji, nikangoja miezi minne. Mtu aliyengoja miezi minne hafikiri sawasawa, na matapeli wanalijua hilo. Ulikuja ujumbe ukinipongeza kwa jina langu kamili, ukitaja kazi yenyewe na siku niliyofanya usaili, ukiniambia nitume shilingi 80,000 za uchunguzi wa afya kwa namba ya simu kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi itapewa mwingine. Nilikopa kwa shemeji nikatuma. Saa kumi na nusu namba ilikuwa imezimwa. Nilipokwenda ofisini kwao mlinzi aliniambia mimi ni wa tatu wiki hiyo.

Mpaka leo sijui walipata wapi jina langu na siku ya usaili. Ninachojua ni kwamba nilikubali kwa sababu ujumbe ule ulikuwa jibu la kwanza kulipata katika miezi minne, na nilikuwa na njaa ya jibu lolote. Ukipigiwa simu ya pongezi, kata, kisha nenda mwenyewe au piga namba iliyoandikwa kwenye tangazo. Kazi ya serikali haina hatua hata moja inayolipiwa kwenye simu ya mtu binafsi. Akikudai fedha mtu ambaye kweli ni wa ofisini, hilo ni kosa la rushwa na linapelekwa kwa Inspekta Jenerali wa Serikali, IGG, ambaye ana ofisi hata huko mikoani.

Mzee wa Masjala ameandika:

Binti yangu, nimesoma maandishi yako mara mbili. Nilitumikia serikali za wilaya miaka 27, kwanza masjala, baadaye ofisi ya utumishi, na mafaili kama lako yamepita mikononi mwangu mengi. Nitakueleza njia ambayo faili hilo hupita, kwa sababu nimeona kwamba mtu akiijua njia, hata kungoja kwake hubadilika.

Watu wengi hudhani tume ya wilaya ndiyo inayoajiri tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Ofisa Tawala Mkuu wa wilaya ndiye anayewasilisha nafasi zilizo wazi kwenye tume, na wilaya inatakiwa kwanza iwe na kibali cha kuajiri kutoka Wizara ya Utumishi wa Umma, ambacho hutolewa kwa kuangalia kama fedha za mishahara zimo katika bajeti. Tume hutangaza, huchuja maombi, husaili, kisha hukaa kikao na kuandika uamuzi wake katika muhtasari wenye namba. Uamuzi huo hurudi kwa Ofisa Tawala Mkuu, na yeye ndiye anayetia saini barua ya uteuzi. Ukimwona mtu mwenye barua hiyo, mwombe akuonyeshe: ndani yake utaikuta namba ya muhtasari wa kikao. Maana yake ni kwamba tume inaweza kuwa imemaliza kazi yake zamani, na barua ikawa imekwama kwenye meza nyingine kabisa, ambayo wewe hata huifikirii.

Sasa itazame kalenda yako. Ulisailiwa tarehe 16 Aprili. Mwaka wa fedha wa serikali unakwisha tarehe 30 Juni, na kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2015, fedha ambazo hazijatumika kufikia siku hiyo hurudi Mfuko Mkuu wa taifa. Ndiyo maana ofisi za utumishi huwa hazilali Mei na Juni. Wilaya ikivuka tarehe hiyo bila kuteua, inabidi irudi kuthibitisha kwamba fedha za mishahara ya nafasi hizo zimo katika mwaka mpya, na hapo ndipo miezi inapopotea bila mtu yeyote kusema neno. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako, ila ni swali ambalo una haki ya kuliuliza.

Yako pia mambo ya uhai wa tume yenyewe. Wajumbe wake huteuliwa na baraza la wilaya, kwa idhini ya Tume ya Utumishi wa Umma kule Kampala, na hutumikia kipindi cha miaka 4. Kipindi kikiisha kabla wapya hawajaidhinishwa, hakuna kikao kinachoweza kukaa. Nimewahi kulinda kabati la mafaili ya walimu, yamefungwa kwa kamba ya katani, yakapata vumbi miezi na miezi. Hakukuwa na aliyewachukia walimu wale. Hakukuwa na watu halali wa kukaa mezani, basi. Nikikumbuka walimu waliokuwa wakija dirishani kwangu, nami nikiwaambia "ngojeni tu" bila kuwaeleza sababu hiyo, naona nilikosea. Sababu ilikuwa si siri. Nilikuwa nimezoea kutoeleza.

Kuhusu kiherehere, ondoa hofu. Katika miaka yangu yote sikuona jina likikatwa kwa sababu mwenyewe alikuja kuuliza kwa adabu. Niliona majina yakiharibika kwa mtu kumtuma diwani apige simu, au kumfuata mjumbe nyumbani kwake usiku. Wewe nenda mchana, kwa katibu wa tume au kwa karani wa masjala, na jambo la muhimu kuliko yote ni namna utakavyouliza. Usiulize, "Je, nimepita?" Karani hana ruhusa ya kulijibu, na atakachofanya ni kujilinda kwa kukuambia uendelee kungoja. Uliza lile analoweza kulijibu: je, tume imeshakaa kikao juu ya nafasi za tangazo lile? Muhtasari umeshapelekwa kwa Ofisa Tawala Mkuu, na ni tarehe ngapi? Kibali cha kuajiri bado kiko hai? Majibu hayo yako kwenye daftari la kupokelea na kupelekea barua, na hayamhatarishi yeyote.

Kisha andika barua. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 inaitaka taasisi ya umma itoe uamuzi juu ya ombi lako ndani ya siku 21. Ikikaa kimya siku hizo zikapita, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa ni kukataliwa, na unayo njia ya kulalamika mbele ya Hakimu Mkuu. Barua iandikie mkuu wa taasisi, kwa maana sheria inamtambua yeye kuwa ndiye ofisa wa taarifa. Taja tangazo, namba ya nafasi, siku ya usaili, na unachotaka kujua, yote katika ukurasa mmoja. Chapa nakala mbili, moja waibakize, ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usiondoke pale bila muhuri huo.

Karani wa Kampala ameandika:

Dada yangu wa Koboko, mimi niko upande wa pili wa meza, nashughulikia ajira katika kampuni binafsi hapa Kampala, na nimeona niseme ukweli kuliko kupita kimya.

Nafasi moja ya mtunza bohari hutuletea mamia ya maombi, na tuko watu wawili. Kumjibu kila aliyetuma wasifu hatuwezi. Lakini kwa waliofika kwenye usaili, sababu halisi ya kimya si wingi wa kazi. Tukishasaili, tunamchagua wa kwanza na kumweka wa pili akiba. Wa kwanza anajadiliana mshahara, anaomba muda wa kuaga kazini kwake, mara nyingine anatukataa dakika ya mwisho. Muda wote huo hatumwambii wa pili neno, kwa sababu tukimwambia amekosa tutampoteza, na tukimwambia amepata tutakuwa tumedanganya. Basi tunanyamaza. Wa kwanza akishatia saini, kumwandikia wa pili kunakuwa kazi ya kesho, na kesho hiyo haifiki.

Sheria ya taarifa aliyoitaja Mzee inazigusa taasisi za umma, si sisi. Kwetu, anayetaka kujua tumehifadhi nini juu yake anaweza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019, ingawa sijaona mwombaji hata mmoja akiitumia.

Nikuongezee moja kuhusu mkataba uliouacha. Uliogopa kujifunga mwaka mzima, lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka muda wa notisi: aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 na hajafika mwaka hutoa wiki 2, na aliyefanya mwaka 1 hadi 5 hutoa mwezi 1. Kama uko hapo kliniki miaka kadhaa na mkataba wako hausemi vinginevyo, ungeweza kusaini zamu ya usiku mwezi wa Juni, na wilaya ikikuita Septemba, ukaaga kwa heshima ndani ya mwezi mmoja. Nawaona wengi wakiacha mkate ulio mkononi kwa sababu ya hofu ambayo sheria ilishaiondoa.

Mwalimu wa Bweyale ameandika:

Nami niongeze dogo lililonipata. Niliomba ualimu wa shule ya msingi, nikangoja mpaka nikachoka, nikavuka kwenda Juba kuuza vifaa vya ujenzi. Laini niliyoiandika kwenye fomu niliiacha bila kuitumia, ikazimwa. Niliporudi kwa mazishi ya babu yangu nilipita makao ya wilaya kwa bahati tu, na karani akanitolea barua ya uteuzi yenye jina langu iliyokuwa imelala kwenye trei miezi minne. Walikuwa wamepiga simu isiyopokelewa. Muda wa kuripoti ulikuwa umepita, na ilinibidi niandike maelezo marefu na kuyafuatilia kwa wiki kadhaa kabla sijapokelewa. Popote unapokwenda, hakikisha laini ile iko hai, na ukiibadilisha, peleka namba mpya kwa maandishi. Ofisi inayokaa kimya inaweza pia kuwa inakutafuta.

Binti Koboko ameandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mpwa wa Busia, pole kwa fedha zako, na asante kwa kulisema jambo ambalo wengi hulificha kwa aibu. Ile njaa ya jibu uliyoitaja naijua, na sina hakika kwamba mimi nisingetuma.

Kaka Karani, nimeuheshimu ukweli wako, lakini naomba unisikilize hapo kwa mtu wa pili. Unasema mkimwambia mtampoteza. Huyo mtu si wenu mpaka mumpoteze. Hamjamlipa, hamjamsainisha, hamna haki yoyote juu ya miezi yake. Mkimwambia, "Wewe ni wa pili, tutajua kufikia tarehe 30," anaweza kuamua kuwangoja au kuondoka, na uamuzi wowote atakaoufanya utakuwa wake. Mkinyamaza, mnakuwa mmemwamulia nyinyi, na gharama anailipa yeye peke yake, kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja na mikataba anayoiacha ipite.

Mzee wangu, shikamoo. Ulipoandika kuhusu wale walimu wa dirishani kwako, nilisoma nikanyamaza kwa muda. Sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya neno "ngoja" kunaweza kuwa na sababu ya kawaida kabisa, yenye tarehe, ambayo ingeweza kutamkwa kwa sentensi moja. Miezi hii sita nimekuwa nikilijaza pengo hilo kwa mawazo yangu mwenyewe: kwamba nilijibu vibaya swali la chanjo, kwamba kuna mwenye mjomba wake aliyenipita, kwamba kabila langu halikufaa. Nimewashuku watu nisiowajua. Natamani tangazo lingekuwa na mstari mmoja tu wa ziada, unaotaja tarehe ambayo tume itakuwa imetoa matokeo, na kusema kwamba ikichelewa itabandika sababu. Naenda wiki ijayo na barua yangu.

Karani wa Kampala ameandika:

Dada, hoja ya mtu wa pili siwezi kuipinga, ingawa bosi wangu ataipinga. Bado naamini wengi wataondoka tukiwaambia. Lakini kuna dada mmoja tuliyemsaili mwezi wa Agosti, ndiye wa pili wetu, na hajui. Kesho asubuhi nitampigia.

Binti Koboko ameandika:

Narudi kama nilivyoahidi. Nilikwenda Jumanne, tarehe 14 Oktoba.

Katibu wa tume alikuwa safarini, nikaelekezwa masjala kwa karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwamkia, nikauliza kama Mzee alivyonifundisha, si kuhusu jina langu bali kuhusu kikao. Alinitazama kidogo, kisha akavuta daftari kubwa lenye jalada jeusi, akalamba kidole, akafunua kurasa hadi Juni. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari. Tume ilikaa tarehe 19 Juni. Muhtasari ulipelekwa kwa Ofisa Tawala Mkuu tarehe 3 Julai. Aliinua macho akaniambia kwa upole kwamba tarehe hiyo ni siku tatu ndani ya mwaka mpya wa fedha, na kwamba wanangoja uthibitisho wa fedha za mishahara, na kwamba hakuna hata mmoja wa waliosailiwa aliyewahi kuja kuuliza hivyo; wote huuliza kama wamepita.

Siku tatu. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi lilelile la chini ya mwembe. Bado sijui kama jina langu limo katika muhtasari ule. Lakini sasa najua faili liko meza gani na linangoja nini, na yale mawazo ya mjomba na kabila yameniacha.

Barua yangu niliiacha pale, nakala ya pili ikagongwa muhuri. Nimeiweka kwenye bahasha ya plastiki pamoja na leseni yangu, na nimempa karani namba ya simu ya mama kuwa namba ya pili, kwa kuzingatia yaliyompata Mwalimu wa Bweyale.

Mwenye kliniki ameniambia mwenzangu aliyepewa zamu ya usiku anahamia Gulu kwa mumewe mwisho wa mwezi, na nafasi iko wazi tena. Nina miaka mitatu pale, kwa hiyo notisi yangu ni mwezi mmoja. Nimesaini. Jana nimelipa kodi ya miezi mitatu, na kuanzia wiki hii simu yangu inakaa kwenye droo ya chumba cha dawa mpaka zamu iishe.

Siku 21 zinatimia tarehe 4 Novemba. Nitaandika hapa watakavyonijibu, na wasiponijibu nitaandika pia.